Kifungo cha Mkono Mdogo

Jumanne ile Usumani alitoka nyumbani saa mbili asubuhi, na saa tano simu ya mkewe, Raihana, ikaita kutoka Remera. Raihana alikuwa barazani kwake Biryogo, jijini Kigali, mguu kwenye cherehani, akiunga kola ya shati la shule. Hakupokea mara ya kwanza. Mkono wake ulikuwa umebana kitambaa chini ya sindano, na kola haiachwi katikati. Ilipoita tena alipokea. Alikuwa Harriet, yule binti wa zahanati ya mazoezi ya viungo.

"Mama Shemsa, njoo," alisema Harriet. "Usije peke yako."

Kiharusi cha kwanza kilikuwa kimechukua mkono wa kulia wa Usumani na nusu ya maneno yake. Cha pili kilimkuta kwenye benchi la zahanati, akisubiri kuitwa, na kikachukua kilichobaki. Alizikwa kesho yake baada ya adhuhuri. Wanaume walirudi kutoka makaburini na udongo mwekundu kwenye viatu, wakala pilau uani, wakaondoka wawili wawili.

Siku ya tatu Harriet alileta begi la marehemu. Ndani mlikuwa na taulo, chupa ya maji, dawa za presha na kisomeo, kile kifaa cha umeme cha kusomea vitabu.

"Alikuwa anasoma," Harriet alisema, amepiga magoti mkekani mbele ya mjane. "Hakuteseka. Alikutaja, mama. Alitaja jina lako."

Raihana aliyashika maneno hayo. Alimwambia binti yake Shemsa, akamwambia wifi yake Mukagasana, akamwambia kila mwanamke aliyeingia kutoa pole: alinitaja. Wanawake walitikisa vichwa wakasema ni bahati, si kila mke hutajwa.

Kisomeo chenyewe hakukigusa. Hakuwahi kukipenda. Kilikuwa kifaa cheusi, chembamba, kikubwa kama kitabu cha mazoezi kilichokatwa nusu, na Usumani alikuja nacho mwaka jana akisema amekinunua kwa mtu, si kipya. Kitabu cha karatasi kilikuwa kimemshinda. Kitabu kinataka mikono miwili, mmoja wa kushika na mmoja wa kufunua, na yeye alikuwa na mmoja. Simu nayo ilitaka kidole gumba kivuke kioo kizima, na ikimponyoka inaangukia pua. Lakini kisomeo kilikuwa na ubavu mmoja mnene wa kushikia, na juu ya ubavu huo vitufe viwili, cha juu cha kurudi nyuma na cha chini cha kwenda mbele. Gumba halikuwa na safari. Lilikaa palepale likabonyeza. Tik. Baada ya dakika mbili, tik tena.

Raihana aliichukia ile tik. Alikuwa akimwogesha mume wake, akimfunga vifungo vya shati, akimkatia nyama, naye akishiba anageukia kifaa chake. Mara nyingine alicheka. Tangu kiharusi hakucheka mezani, kwa sababu mdomo ulikwenda upande na aliona haya. Kwa kisomeo alicheka mdomo wazi.

"Unacheka nini?" Raihana aliuliza siku moja.

"Ma... maneno tu," Usumani alijibu.

Kulikuwa na wiki ambazo kisomeo hakikuonekana. Alisema amekiacha zahanati, kinachajiwa.

*

Wiki ya pili ya eda, cherehani iliingizwa ndani. Miezi minne na siku kumi Raihana hatatoka, lakini shule hazimsubiri mjane, na mashati sitini yalikuwa yameshalipiwa nusu. Shemsa, aliyekuwa akiuza vocha na chaja Remera, alipokea vitambaa mlangoni kabla ya kwenda kazini na kurudisha nguo jioni. Mukagasana alikuja kila siku kumsaidia wifi yake kutoboa vishimo vya vifungo, na kuongea.

"Hiki mtakiuza?" Mukagasana aliuliza. Alikuwa ameokota kisomeo dirishani na kukigeuzageuza. "Kaka alikishonea na nguo, angalia."

Raihana aliinua macho. Kifaa kilikuwa ndani ya kava la ngozi laini, na nyuma ya kava, upande ule mnene, palikuwa na mkanda wa lastiki wa kupitisha mkono. Alikuwa ameona kava hilo kwa mbali kila siku na hakuwahi kulitazama kwa jicho la kazi.

"Lete."

Aliliweka chini ya taa ya cherehani. Ngozi ilikuwa nzuri, mshono ulikuwa wa mkono, na mbaya. Mishono mingine imelalia kushoto, mingine kulia, kana kwamba aliyeshona alibadili mkono kila baada ya upana wa vidole vinne. Penye gumba palikuwa na kijimto kidogo cha sponji ili kidole kisichoke. Kilitiwa pande zote mbili, juu na chini. Halafu akauona mkanda. Ulikuwa na vifungo vya kubana viwili, kimoja mbali na kimoja karibu.

Alifunga kile cha mbali. Mkanda ukakaa kwa upana wa mkono wa Usumani, mkono aliousugua kwa sabuni miaka miwili. Alifunga cha karibu. Akaingiza mkono wake mwenyewe. Vidole viliingia, vifundo vikagoma. Alisukuma. Lastiki ikamkata.

"Nini?" Mukagasana aliuliza.

"Hiki kifungo kimetumika," Raihana alisema polepole. "Kimelika rangi kama kile kingine. Sawasawa."

"Basi?"

"Basi nguo hii inavaliwa na watu wawili. Mmoja ni kaka yako. Wa pili ana mkono mdogo kuliko wangu."

Alikigeuza kisomeo kichwa chini, ubavu mnene ukahamia kulia. Maandishi yaligeuka yenyewe yakakaa sawa. "Na anashika kwa mkono wa kulia," alisema.

Mukagasana alicheka, kisha akaona uso wa wifi yake akaacha. Hakuweza kuacha moja kwa moja. "Yoo, wifi! Kaka alikuwa hawezi kufunga zipu yake mwenyewe. Mwanamke gani wa Kigali atakuibia mwanaume wa kufungwa zipu?"

"Basi ni mkono wa mtoto?" Raihana aliuliza.

"Wapi mtoto. Mtoto gani?"

"Ndiyo hivyo. Basi ni wa mwanamke."

Cherehani ilinyamaza mchana wote. Raihana alikaa na kava mapajani, akiingiza mkono na kuutoa.

*

"Mama, niende kwa watu wagonjwa niwaambie wanionyeshe mikono?" Shemsa aliuliza.

"Utaona bila kuambiwa. Zahanati iko hatua mia kutoka dukani kwenu. Mwulize Harriet nani alikaa na baba yako kwenye benchi."

"Na nikimjua?"

"Utaniambia jina."

Shemsa alikwenda Jumanne, saa ya chakula. Jioni aliporudi alivua viatu kwa muda mrefu kuliko viatu vinavyohitaji.

"Anaitwa Gahongayire," alisema hatimaye. "Anakaa Kinyinya. Naye ana kiharusi, mkono wa kushoto. Mjane."

"Mjane."

"Mtu mzima, mama. Ana wajukuu."

"Wajukuu hawazuii kitu. Ni mzuri?"

"Mama sha, ni mwanamke mfupi mwenye fimbo! Harriet anasema walikuwa wanakaa pamoja kila Jumanne na Jumamosi. Wakifanya zoezi la mikono. Basi."

"Zoezi gani?"

Shemsa aliokota viatu, akavipanga mlangoni.

"Zoezi gani, Shemsa?"

"La kushona."

Raihana alisimama. Alikuwa fundi tangu ana miaka kumi na sita, alikuwa amemshonea Usumani suruali ya harusi na shati la kila Idi. Tangu kiharusi Usumani hakuwahi hata kumshikia uzi, na mwenyewe hakuwahi kumwomba. Sasa alijua ule mshono mbovu ulitoka wapi. Alikuwa ameshona na mwanamke mwingine. Bora wangelala pamoja, aliwaza, na wazo lenyewe likamtia haya.

Aliketi, akachukua wembe wa kufumulia. Hakukata ngozi, kwa sababu hakuwa na tabia ya kuharibu ngozi nzuri. Alifumua kifungo cha karibu, upande wa dume na upande wa jike, akavitupa kwenye kopo la mabaki pamoja na vifungo vilivyovunjika.

*

Jumamosi saa nne mtu alibisha hodi. Mukagasana alifungua, akarudi nyuma hatua moja.

"Ni yeye," alinong'ona, ingawa nyumba ilikuwa ya chumba na sebule na kila mtu alisikia.

Gahongayire alikuwa mfupi kama Shemsa alivyosema, amevaa kitenge cha kijani na sweta, fimbo ikining'inia kwenye kiwiko cha mkono wa kulia ili kiganja kibaki huru. Mkono wa kushoto ulikuwa umejikunja kifuani. Alivua kiatu kimoja kwa ncha ya kingine, ikamchukua muda, na hakuna aliyemsaidia.

"Mwihangane," alisema, akitoa pole kwa Kinyarwanda.

"Asante," alisema Raihana. "Kaa."

Alikaa ukingoni mwa kochi. Alikuwa amelelewa Uganda, na Kiswahili chake kilitafuta njia. "Yule binti yenu alikuja kliniki, akaangalia mikono yangu kama askari. Nikajua mama anataka kuniona. Mimi nilitaka kuja mbele, lakini nilisema, acha msiba upoe."

"Haujapoa."

"Najua."

Mukagasana alileta chai kisha akakaa, hakutaka kukosa. Kikombe kiliwekwa upande wa kushoto wa mgeni, upande ambao hakuweza kuufikia. Gahongayire alijizungusha kiuno kizima, akakichukua kwa mkono wa kulia, akanywa.

"Nimekuja kwa sababu ya kisomeo," alisema. "Mimi iko na nusu yake. Tulinunua wawili. Wiki yake, wiki yangu. Jumamosi tunabadilishana. Siku ile Jumanne ilikuwa wiki yake. Jumamosi iliyofuata ingekuwa yangu."

"Aliniambia amekinunua peke yake."

"Aliogopa."

"Aliniogopa mimi?"

"Alisema, 'Nikimwambia mke wangu nashiriki kitu na mwanamke, hatauliza ni kitu gani.'"

Mukagasana alikohoa ndani ya kikombe. Raihana hakumtazama. Aliinuka, akakitoa kisomeo kabatini, akamwekea mgeni mapajani.

"Haya. Shika tuone."

Gahongayire alikigeuza kichwa chini kwa mazoea, akapitisha kiganja nyuma, akakinyanyua. Mkanda ulikuwa mpana. Kisomeo kilimponyoka kikaanguka kwenye zulia, na kabla hajainama Raihana alikuwa ameshakiokota.

"Kifungo kiko wapi?" Gahongayire aliuliza.

"Nimekikata."

"Ehe." Alitazama kiganja chake. "Tulifanya siku nne, kile kifungo."

"Mshono wenu ulikuwa mbaya."

"Tulijua. Yeye anashika ngozi, mimi napitisha sindano. Halafu sindano inachoka, mimi nashika, yeye anapitisha. Harriet alitucheka. Usumani alisema, 'Mke wangu akiona hii ataita polisi.'"

"Alisema hivyo?"

"Alikusema sana, ushonaji wako. Mpaka nilichoka."

Raihana alitaka kukasirika zaidi na hasira ikakosa pa kukanyaga, ikatafuta mahali pengine. "Kwa nini alicheka na wewe?" aliuliza. Sauti yake ilipanda. "Mimi nilimwogesha. Nilimlisha. Kila asubuhi vifungo saba vya shati, kimoja kimoja. Miaka miwili hakunichekea. Wewe ulimpa nini?"

"Hakuna kitu nilimpa."

"Sema!"

"Mimi nilimwomba," Gahongayire alisema. "Chupa ya maji, siwezi kufungua. Naishika katikati ya magoti, inamwagika. Nilimwambia, baba, nifungulie. Yeye anafungua. Zipu ya begi, anashika chini, mimi navuta. Hapa kwenu hakuna mtu anamwomba kitu."

Mukagasana aliangalia vikombe. Raihana alikumbuka siku Usumani aliponyoosha mkono wa kushoto kuchukua mkasi ulioanguka, naye akamwambia acha, kaa, utaanguka. Alimwambia hivyo kwa upendo. Alimwambia hivyo kila siku.

"Mimi sina vitabu nyumbani," Gahongayire aliendelea. "Mtoto wangu anasema, mama, sikiliza redio. Redio inaenda mbele hata kama hujaelewa. Hii inangoja. Nipe wiki yangu tu. Kama ni nusu ya pesa unataka kunirudishia, hiyo sitaki."

"Sikupi," Raihana alisema. "Alikufa nacho mkononi."

"Najua. Nilikuwa kando yake."

Raihana alikuwa hajafikiria hilo. Alijua kuhusu benchi, alijua kuhusu Jumanne, na bado alikuwa amemwona Usumani peke yake katika saa ile, na jina lake mdomoni. Aliketi.

"Basi ulimsikia aliponitaja," alisema.

Gahongayire aliweka kikombe chini.

"Nani alisema alikutaja?"

"Harriet."

"Harriet ni mtoto mzuri," Gahongayire alisema. "Yeye alikuwa ndani na mgonjwa mwingine. Alitoka nilipopiga kelele."

"Alisema nini, basi?"

"Mama Shemsa..."

"Nimeuliza, alisema nini!"

"Waliita jina lake. Mimi nikamwambia, wanakuita. Akasema, 'Ngoja, namaliza ukurasa.' Akabonyeza. Halafu akaniegemea bega. Nilifikiri anafanya mchezo."

"Hakunitaja?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hakuwa na muda wa kumtaja mtu."

Mukagasana alipiga paja lake. "Wewe mama una roho gani? Mjane yuko ndani ya eda, ungesema tu ndiyo, ingekugharimu nini?"

"Mwache," Raihana alisema.

"Wifi, anakutesa nyumbani kwako!"

"Mwache, nimesema."

Alilia hapo, kwa mara ya kwanza mbele ya mgeni, na hakulia kwa sauti. Wivu haukuondoka. Bega lile, ambalo mume wake aliliegemea mwisho, lilikuwa mbele yake ndani ya sweta la kahawia, na angeweza kulichoma kwa macho. Lakini kwa siku kumi na nane kila mtu aliyeingia mlangoni alikuwa amempa maneno matamu, na mwanamke huyu, aliyekuja kuomba, ambaye uongo mmoja mdogo ungemfaidi, alikuwa amemnyima. Raihana alijipangusa kwa ncha ya mtandio. Akavuta futi ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake.

"Lete mkono," alisema.

"Upi?"

"Huo unaofanya kazi."

Alimpima kwenye vifundo. Sentimita kumi na nane. Mkono wake mwenyewe ulikuwa ishirini na moja, alikuwa ameupima siku ile ya kava. Kiganja cha Gahongayire kilikuwa kikavu, na kwenye gumba, upande wa ndani, palikuwa na ugumu mdogo wa ngozi. Raihana alijua umetoka kwenye kitufe. Usumani alikuwa na ugumu kama huo kwenye gumba la kushoto, na yeye alidhani ni wa fimbo.

Hakutumia kopo la mabaki. Alichukua kifungo kipya cha kubana, akakipigilia kwa nyundo, akakizungushia mshono wa cherehani, mzuri, ulionyooka, ukikatiza katikati ya ule wao wa kwenda huku na huku. Ilimchukua muda mfupi kuliko chai.

"Jaribu."

Gahongayire aliingiza mkono. Kisomeo kilikaa. Gumba lilishuka lenyewe mahali pake, na chumbani ikasikika ile tik.

"Usibonyeze hapa," Raihana alisema haraka. "Kabonyeze kwako."

"Samahani."

"Na utakirudisha."

"Jumamosi. Wiki yake sasa ni yako?"

"Ni yangu."

"Utasoma?"

"Hilo halikuhusu, mama."

Gahongayire alitabasamu upande mmoja, ule unaofanya kazi, akakiweka kisomeo begini. Zipu ilimshinda, kama kawaida. Alisimama akisubiri. Mukagasana alitazama ukutani. Raihana aliliacha begi likae wazi kwa muda ambao kila mtu aliuona, kisha akalishika chini, na Gahongayire akavuta.

*

Hawajawa marafiki. Mukagasana bado anamwita "yule wa bega", na akijua ni Jumamosi ya Gahongayire huchelewa kuja. Shemsa humtoa mgeni hadi kituo cha basi, kisha akirudi huulizwa wamezungumza nini, na hujibu kwamba hawakuzungumza. Harriet alipiga simu kuomba radhi. Raihana alimwambia yamekwisha, lakini tangu hapo hawaambii tena wanawake kwamba alitajwa.

Katika wiki zake Raihana husoma, kurasa nne au tano baada ya alasiri, mashati yakiwa yameisha. Hajafungua kitabu alichokuwa nacho Usumani. Alianza kingine, cha mwizi wa ng'ombe, ambacho Gahongayire alikuwa amekimaliza na kumwambia mwisho wake bila kuulizwa, wakagombana mlangoni. Anashika kwa mkono wa kushoto, kwenye kifungo cha mbali, na mkanda unamlegea kidogo. Hajaurekebisha.

Leo ni siku ya tisini na moja ya eda. Zimebaki thelathini na tisa. Wiki hii kisomeo kiko Kinyinya.